Wakubwa wenye jeep, punguzeni janti na ongezeni tairi

Butembo, Kivu ya Kaskazini. Leo tunasema na wakubwa wetu wenye jeep za kifahari: wafanyabiashara, waheshimiwa, viongozi wa mashirika, na wote ambao Mungu amewapa uwezo. Hatusemi kwa wivu. Mtu aliyetoka jasho akanunua gari nzuri, tunamuombea azidishiwe. Lakini kuna jambo moja juu ya magari hayo ambalo wakaaji wanalisema chini chini sokoni, kwenye parking na kwenye foleni ya maji, na hakuna anayelisema kwa sauti. Sisi tutalisema kwa sauti, ndiyo kazi yetu.

Jambo lenyewe ni zile janti kubwa zinazong'aa, za inchi 20, 21 hata 22, na zile tairi nyembamba zinazozizunguka kama mkanda wa suruali. Gari linashuka kutoka Dubai, linapita Mombasa, linaingia Kasindi, na janti zake za mji wa lami. Likifika hapa linaoshwa, linapigwa picha, linazungushwa mjini siku ya kwanza. Siku ya pili linaelekezwa Lubero, ama Beni, ama Kyondo, kwenye mawe na makorongo. Hapo ndipo matatizo yanaanza, na hayamfikii mwenye gari peke yake.

Msimamo wetu ni huu: jeep ya kifahari inayotembea katika barabara zetu inapaswa kuvuliwa janti kubwa na kuvishwa janti ndogo yenye tairi nene. Mwenye kukataa kufanya hivyo kwa ajili ya urembo anawatwisha watu wengine mzigo wake.

Hii si habari ya matajiri tu

Msomaji anayeishi kwa familia ya kupokea, ama ndani ya shule, ama chini ya sheeting, anaweza kuuliza: mimi sina hata baiskeli, janti za tajiri zinanihusu nini?

Zinakuhusu, mama. Zinakuhusu, papa. Hapa kwetu jeep ya mtu si ya mtu peke yake. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku katika kijiji ambacho hakina ambulansi, watu wanaenda kugonga mlango wa nani? Wa yule mwenye jeep. Mtoto akipelekwa hospitali kubwa, ni jeep. Marehemu akirudishwa kuzikwa kwao, ni jeep. Na vita vikikaribia, mnakumbuka wenyewe. Mwezi wa 6 mwaka 2024, wakati mapigano yalipofika Kanyabayonga, familia nyingi zilipanda kuelekea Kirumba, Lubero na Butembo. Wengi walitembea kwa miguu na magodoro kichwani. Wengine walipata nafasi katika gari la mtu, kwa huruma ama kwa kulipa. Siku kama hiyo gari ndilo mlango wa kutokea, na mlango huo unasimama juu ya tairi nne.

Sasa fikiria gari hilo lina watu tisa ndani, mizigo juu, mvua inanyesha, na tairi ya mbele inagonga jiwe. Kama tairi ni nene, watu wanarushwa kidogo, wanasema "Yesu!", safari inaendelea. Kama tairi ni nyembamba, inapasuka. Gari linakaa katikati ya barabara, usiku, katika sehemu ambayo hakuna mtu anapenda kukaa. Wenye kushuka na kusubiri kwenye matope si mwenye gari peke yake. Ni mgonjwa, ni bibi, ni watoto.

Na hata wewe unayetembea pembeni unahusika. Njia zetu hazina sehemu ya waenda kwa miguu. Tairi ya mbele ikipasuka gari likiwa kwenye mteremko, usukani unavuta upande mmoja, na upande huo ndiko wanakopita wamama wenye mizigo, wanafunzi na vijana wa chukudu.

Tairi nyembamba inakufa namna gani

Tuelezane vizuri, maana wengi wanadhani tairi hupasuka kwa bahati mbaya ama kwa uchawi wa jirani.

Angalia ubavu wa tairi. Utaona maandishi kama haya: 275/50R21. Namba ya kwanza, 275, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 50, ni urefu wa ubavu, yaani mpira unaoonekana kati ya janti na udongo, ukihesabiwa kwa asilimia ya upana. Herufi R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba ya mwisho, 21, ni kipimo cha janti kwa inchi.

Sasa piga hesabu. Asilimia 50 ya 275 ni karibu milimita 137. Hazifiki sentimita 14. Huo ndio mto wote ulio kati ya jiwe la Lubero na chuma cha janti yako. Na gari likibeba watu, mto huo unabonyea na kupungua zaidi.

Jiwe lenye ncha likigonga hapo, ubavu unabanwa kati ya jiwe na ukingo wa janti, kama kidole kwenye mlango. Nyuzi za ndani zinakatika. Mara nyingine tairi inapasuka palepale. Mara nyingine haipasuki, inatoa uvimbe mdogo kama jipu. Shoferi anauona uvimbe huo anasema, "Itafika." Tairi yenye uvimbe haina ahadi. Inaweza kufika, inaweza kupasuka kwenye mteremko. Hakuna kwado anayeweza kuziba jeraha la ubavuni likawa salama, hata akiwa fundi namna gani. Dawa yake ni kuitupa.

Na janti yenyewe nayo inaumia. Zile janti kubwa za kung'aa ni za aluminiamu. Ikigongwa sana inapinda ama inapasuka ufa mdogo usioonekana, na hewa inatoka polepole usiku kucha. Asubuhi gari limelala upande mmoja. Janti ya chuma ya kawaida, ikipinda kidogo, kijana wa garaji anaweza kuinyoosha kwa nyundo gari likafika nyumbani. Aluminiamu haipendi nyundo.

Hesabu ya fundi, isiyo na siri

Wakubwa wengi wanaogopa kubadili kwa sababu wameambiwa kwamba gari litaharibika. Tuchukue mfano wa gari ambalo wote wanalijua mjini: Lexus LX 570. Katika miaka yake ya mwisho kuna matoleo yaliyotoka kiwandani na tairi 275/50R21. Lakini ndugu yake wa tumbo moja, Land Cruiser 200, yenye mifupa ileile na matundu yaleyale matano ya janti yenye umbali wa milimita 150, ilitoka kiwandani na 285/60R18. Kiwanda kimoja, janti ndogo kwa inchi tatu.

Linganisha sasa:

Tairi 275/50R21: ubavu milimita 137, urefu wa tairi nzima milimita 808.

Tairi 285/60R18: ubavu milimita 171, urefu wa tairi nzima milimita 799.

Tairi 285/65R18: ubavu milimita 185, urefu wa tairi nzima milimita 828.

Mmeona? Urefu wa tairi nzima haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba chuma kimepungua na mpira umeongezeka. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, unapata zaidi ya sentimita 3 za mto. Ukienda ya tatu, unapata karibu sentimita 5, na tumbo la gari linapanda karibu sentimita moja kutoka chini. Sentimita 5 za mpira ni tofauti kati ya kufika na kulala njiani.

Wenye Land Cruiser 300 na Lexus LX 600 nao wasikilize. Magari hayo yana matundu sita. Land Cruiser 300 inatoka kiwandani na 265/65R18 ama 265/55R20, kufuatana na toleo. LX 600 inaongeza hata 265/50R22. Ile ya inchi 18 ina ubavu wa milimita 172. Ile ya inchi 22 ina ubavu wa milimita 132. Ni wahandisi walewale waliopima zote. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba janti ndogo ni kulishusha gari cheo. Aliyelitengeneza ndiye aliyeweka janti ndogo kwenye orodha yake.

Hata uwezo wa kubeba haupungui ukichagua vizuri. Baada ya kipimo cha tairi kuna namba nyingine ndogo na herufi. Namba 113 maana yake tairi moja inabeba kilo 1150. Namba 116 ni kilo 1250. Herufi ni mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Wakubwa, tuulizane bila kuficha: nani kati yenu atakimbia 240 kati ya Musienene na Lubero? Mnalipia mwendo ambao barabara hii haitauona, na mnakosa nguvu ambayo inaililia kila siku.

Watazameni wanaoifahamu barabara

Kama hamwamini redio, aminini macho. Tazameni magari yanayofanya kazi kweli katika barabara zetu. Land Cruiser ndefu za hospitali na za mashirika ya kibinadamu zinatembea na tairi 7.50R16: janti ya inchi 16 tu, na ubavu wa karibu sentimita 20. Fuso za kubeba viazi na maharagi nazo zina janti ndogo na tairi nene. Shoferi wa Fuso hana feza ya kuchezea. Kama janti kubwa ingemsaidia kufikisha viazi sokoni, angekuwa wa kwanza kuifunga.

Na kuna jambo la kupata tairi nyingine. Tairi ya inchi 16, 17 ama 18 inatafutwa mjini na inapatikana, mpya ama iliyotumika. Ya inchi 21 ama 22 ikipasuka Kirumba, utaagiza wapi? Utaita Kampala, ama Dubai, na gari litakaa kwenye mawe wiki nzima. Kwa mji unaojivunia akili ya biashara kama huu wetu, kununua kitu ambacho huwezi kukipatia spea ni hesabu mbovu.

Majibu kwa wanaotupinga

Wa kwanza anasema: "Janti ndogo inalifanya gari lionekane la maskini." Ndugu, gari la maskini ni lile lililosimama katikati ya barabara, bosi wake akiwa amevaa suti na kushika kriki kwenye matope, watoto wakimcheka. Heshima ya mtu mkubwa katika desturi zetu ni kufika. Kufika kwenye kilio, kufika kwenye ndoa, kufika na mgonjwa akiwa bado anapumua. Hakuna aliyesifiwa kwenye msiba kwa sababu ya janti zake.

Wa pili anasema: "Gari ni langu, tairi ni zangu, feza ni zangu." Ni kweli, na hakuna sheria ya kijiji inayokulazimisha. Lakini barabara si yako. Ukikwama pale ambapo magari mawili hayapishani, umefunga njia ya ambulansi, ya Fuso yenye dawa, ya wamama wanaopeleka mboga. Na kama gari limenunuliwa kwa feza ya serikali ama ya shirika lililokuja kwa jina la wahami, basi hata hilo neno "langu" ulipunguze sauti. Feza hiyo ilitafutwa kwa picha za watu waliolala chini ya sheeting. Ni aibu igeuke kuwa janti za inchi 22.

Wa tatu anasema: "Tairi kubwa zinakunywa mafuta na zinaharibu gari." Huyu ana sehemu ya ukweli, na tumpe haki yake. Tairi nene zaidi ina uzito zaidi. Gari linaweza kunywa zaidi kidogo na kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Ndiyo maana hatusemi mtu afunge tairi za trekta. Kuna vijana wameona picha za jangwani, wanatafuta tairi kubwa mpaka inakwaruza bodi kila wakikata kona. Huo nao ni urembo, umebadilisha nguo tu. Tunachosema ni kipimo cha kiwanda, ama kipimo kimoja juu yake. Katika mfano wetu, ukitoka 275/50R21 kwenda 285/65R18, saa ya mwendo inapungukiwa kama asilimia 2,4: ikionyesha 80, wewe uko karibu 82. Hilo linavumilika, ukijua.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Anasema: "Kwa nini mnatuambia tubadili tairi? Waambieni serikali watengeneze barabara!" Tunakubaliana naye kabisa juu ya serikali. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina mfuko wa kutunza barabara, FONER, unaolishwa na makato kwenye kila litri ya mafuta na feza za peaji. Kila mwenye jeep analipa anapojaza tanki. Hata mama anayepanda moto analipa bila kujua, maana motari anahesabu mafuta ndani ya bei. Tunayo haki ya kuuliza feza hizo zinaenda wapi, na tutaendelea kuuliza. Mwaka 2021 ilizinduliwa kazi ya barabara pamoja na Uganda, kilomita 223: Kasindi hadi Beni 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma 89. Tunafuatilia kila kilomita.

Lakini, ndugu, je, mgonjwa wa leo usiku atasubiri lami? Kudai barabara na kufunga tairi inayofaa si mambo yanayopigana. Mtu akidai serikali ijenge hospitali, haachi kunawa mikono. Na hata lami ikifika mjini, ukiiacha kilomita tano tu kwenda kijijini kwenu, mawe yanakusubiri palepale babu zako walipoyaacha.

Ukikubali, fanya hivi

Tusiishie kwenye kulaumu. Mkubwa aliyesikia na akataka kubadili, ashike mambo haya.

Kwanza, pima breki. Diski za mbele na makucha yake katika jeep nyingi za kifahari ni kubwa, na janti ndogo sana haiingii. Jeep nyingine za Ulaya haziwezi kabisa kushuka chini ya kipimo fulani. Usinunue kwa maneno. Funga janti moja mbele, izungushe kwa mkono, hakikisha haigusi kitu. Halafu kata usukani mpaka mwisho, kushoto na kuume, uone kama tairi inakwaruza.

Pili, angalia matundu na kina cha janti. Matundu matano na sita hayabadilishani. Na janti yenye kina tofauti inasogeza tairi nje ama ndani, inachosha beringi na kusumbua usukani.

Tatu, nati. Nati za janti za aluminiamu na za janti za chuma mara nyingi hazifanani kichwa. Ukifunga nati ya moja kwenye nyingine, zitalegea na gurudumu litakuacha njiani. Baada ya kufunga, tembea kilomita 50 hadi 100, simama, kaza tena.

Nne, badili zote, pamoja na ile ya akiba. Magari haya yanasukuma magurudumu yote manne. Ukichanganya tairi ndefu na fupi, difransieli ya katikati inafanya kazi bila kupumzika mpaka inakufa. Na tairi ya akiba isiyolingana na nyingine ni tatizo lililopakiwa nyuma. Pima pia kama ile mpya inaingia mahali pake.

Tano, soma umri. Ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ikiwa 2319, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zilizotumika zinazoletwa kwa makontena zinaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliozeeka. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa kiangazi, acha.

Sita, presha. Tairi nene inakupa zawadi ambayo nyembamba haitoi: kwenye matope mazito unaweza kuipunguza hewa, mfano kutoka 2,3 kufika 1,8, ikatanda na kushika udongo, ukatembea polepole. Ukitoka kwenye matope, rudisha hewa kabla ya kukimbia ama kubeba mzigo. Nunua kipompi kidogo cha kuchomeka kwenye gari. Ukijaribu hivyo na tairi ya ubavu wa sentimita 13, utaikata janti.

Na wewe unayepanda, uliza

Neno la mwisho ni kwa wale ambao hawana jeep lakini wanapanda za watu. Msiogope kutazama kabla ya kupanda. Zunguka gari. Kama tairi ina uvimbe ubavuni, mwambie shoferi mbele ya wote, kwa adabu lakini kwa sauti: "Papa shoferi, hii tairi inaumwa." Kama hakuna tairi ya akiba ama hakuna kriki, uliza. Kama mizigo imepanda juu mpaka tairi zimelala, kataeni pamoja, maana mtu mmoja akikataa ataachwa, watu tisa wakikataa watasikilizwa. Tunajua kwamba siku ya kukimbia risasi hakuna mwenye nafasi ya kukagua tairi. Ndiyo sababu ya kuzikagua leo, wakati tunaweza bado kuzungumza.

Viongozi wa kambi na kamati za wahami, mnapokutana na mashirika, wekeni swali hili mezani pamoja na ya unga na sheeting: magari mnayokuja nayo yana tairi gani, na usiku yanaweza kumbeba mgonjwa akafika? Wasidharau swali hilo. Ni la maana kama lile la dawa, kwa sababu dawa nayo inasafiri juu ya tairi.

Wakubwa wetu, hatukuwaomba muuze magari. Hatukuwaomba mpande moto kama sisi. Tumewaomba inchi tatu za chuma, mtupe sentimita tano za mpira. Uzeni janti hizo kubwa kwa mwenye lami, wako wengi Kampala na Kinshasa watakaozifurahia. Kwa feza hiyo ongezeni kidogo, nunueni tairi tano nene, na kwado wa kona yenu apate kazi ya kuzifunga. Mvua hazitatungojea, na barabara ya Lubero haijawahi kumheshimu mtu kwa sababu ya kung'aa.